Daraja Tuliyopima kwa Gwaride

Koboko

Mwanangu Zainabu, nakusalimu wewe na nyumba yote hapo Bombo.

Jana asubuhi tetemeko ilipita, kisha lori yetu kutoka Arua ikafika kwa daraja. Juu yake hakuna ufa hata kidogo. Unajua sisi watoto wa askari: nilipanga abiria mstari, tukapiga gwaride katikati ya daraja ili tuipime. Mimi mbele, kifua nje, kama jenerali!

Mara sauti ikatoka chini. "Simameni! Nyinyi iko na wazimu?"

Ni injinia wa barabara, amelala kwa tumbo kando ya nguzo, anachunguza. "Boriti imesogea! Imebaki juu ya nguzo upana wa vidole viwili tu. Wewe jenerali, toa watu mmoja mmoja. Tembeeni kama mnaiba kuku!"

Hakuna mutu alicheka. Nikatoa wote, mimi wa mwisho. Daraja ikalia chini ya miguu yangu, kooo!

Mama yako anakuja huku Ijumaa, na madereva wa basi hawasikii injinia. Ashuke kabla ya daraja, avuke mto kwa miguu kama sisi, maji iko kwa magoti tu. Akibisha, mwambie kwamba kaka yake, mimi huyu asiyekimbia simba, niliogopa mbele ya watu.

Nakupenda sana, mwanangu.
Mjomba Ramadhani