Timu Yangu Hainiambii Kitu

Jumatatu, 3 Machi
Nimechukia. Kikao cha asubuhi ni dakika kumi na tano, tena tunasimama makusudi ili watu wasinogewe. Kila mtu aseme: umefanya nini, utafanya nini, umekwama wapi. Wote sita — hawajakwama! Mfumo wa miadi ya wagonjwa tunaoutengeneza, hospitali inaupokea Ijumaa, na hakuna hata mmoja aliyekwama. Haya. Nikahamisha karatasi zote za kazi ubaoni, nikazibandika penye "Tayari".

Jumatano, 5 Machi
Mfumo unawapa wagonjwa wawili saa ile ile, kwa daktari yule yule! Nimeliona tatizo hili kwa bahati tu, nikimwonyesha mama mdogo kwenye simu.
Nikawauliza. Mwishowe Profesa — ndivyo tunavyomwita fundi wetu mkuu wa programu — akakiri kwamba wamelijua kwa wiki mbili. Wiki mbili! Na kila asubuhi wananitazama usoni. Mimi ni pambo la ukutani?
Nikamfuata mpimaji kwenye jiko la ofisi. Kazi yake ni kutafuta kasoro. Nikamwambia angenivua nguo mbele ya wenye hospitali. Akaendelea kuosha kikombe kilichokwisha kutakata.
"Dada, nilikwambia. Kwenye kikao. Ukasema nisikuletee matatizo, nikuletee majibu. Wenzangu wakacheka."
Sikumbuki. Naapa sikumbuki.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekumbuka. Nilikuwa nachezea simu. Na kucheka nilianza mimi.
Hasira bado ninayo, ila sijui niielekeze wapi. Semina ya uongozi ya siku tatu, cheti nimekitia fremu! Mkufunzi alichoka kurudia: kiongozi asikilize, timu ijipangie kazi, anayeleta habari mbaya ashukuriwe. Niliandika yote, kwa wino wa rangi mbili.
Leo kikaoni nimemwomba mpimaji radhi, mbele ya wale wale. Hakuna aliyejua atazame wapi. Halafu Profesa akakohoa, akasema kuna kasoro nyingine. Mwingine naye akataja yake. Karatasi kumi na moja zimetoka penye "Tayari". Kila moja ilinichoma, nikauma ulimi, nikasema asante. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.
Nimemwandikia bosi: Ijumaa haiwezekani, tunaomba wiki mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya bosi. Amenitoa. Anataka jina la mtu, eti hospitali haiwezi kuambiwa "timu imekosea". Nikampa langu. Hakulitaka. Anasema najifanya mama wa watu. Kukagua ni kazi ya mpimaji, na mpimaji ameshindwa.
Ameshindwa! Aliyeiona kasoro kabla ya wote! Aliyesema!
Ameitwa, amekuja, amekaa kando yangu. Nimemweleza yote. Ameuliza kama aseme kwamba aliniambia. Nikamwambia aseme, tena asinipunguzie.
Mlango umefunguliwa. Bosi anamwita yeye, mimi ananionyesha kwa kidole nibaki hapa hapa.
Nanyanyuka. Tunaingia wote wawili, na bosi aseme atakalo.