Kibanio cha Chuma Kwenye Shela Langu

Mpendwa Shangazi Zuhura, dada wa pekee wa baba yangu,

Mpaka leo mkono wangu ukipita nyuma ya sikio la kulia nashtuka, kana kwamba kile chuma bado kipo. Harusi imepita mwaka na zaidi. Nimezoea hata mkoromo wa mume wangu, lakini hilo sijalizoea. Nakuandikia huko Ujiji uliko, na barua hii nimewasomea kwanza majirani wote hapa Nyamirambo, tulikopanga jirani na Baba, maana wote walikusema na wote wana haki ya kusikia ninachokuambia. Nataka urudi nyumbani. Nikisema mengine humu, hata kama nitakukaripia, ujue ni hilo tu ninalotaka.

Unakumbuka siku gari-nyumba la yule mzee wa Kiholanzi lilipoingia uani kwa Baba? Mtaa mzima ulijaa getini. Nyumba yenye vitanda, jiko na mapazia, ina magurudumu, na nyuma yake inavuta gari dogo lisilo na dereva! Ulisimama umeshika kiuno ukasema kwa mshangao, "Yampaye inka! Nyumba iko navuta gari. Na sisi nyumba zetu zinashindwa hata kusimama." Tulicheka mpaka Baba akatufukuza apate kufanya kazi yake ya ufundi. Springi za gari lile zilikuwa zimevunjika, na kwa kuwa vita vya kaskazini vilifanya vipuri viwe vya kutafuta kwa tochi, yule mzee alikaa nasi hadi siku ya harusi yangu.

Mchana ule gari la harusi likagoma. Ulikuwa umeshanisomea dua na kunikalisha kiti cha nyuma, mimi na shela na jasho langu. Baba akafungua boneti, akafunga, akafungua tena. Watu wakasema nihamie gari lingine. Ukapiga kelele kama uliyekanyagwa: "Oya, oya, hapana! Bibi harusi akiisha ingia ku gari hashuki njiani. Mama yake walimushusha, na ndoa ikafika wapi?"

Mama aliachika, mtaa mzima unajua. Basi Mholanzi, ambaye Baba alikuwa ameshamfungia springi mpya, akajitolea. Gari-nyumba lake litanivuta mimi na gari langu bovu mpaka kwa kina bwana harusi, Kimihurura, kwa kile chuma anachovutia gari lake dogo.

Niliona kazi yote kupitia kioo cha mbele. Baba alikifunga chuma kwa bolti chini ya bampa letu. Upande wa pili akakiingiza kwenye ndoana ya gari-nyumba, akashusha pini nene kama kidole gumba, na kwenye tundu lililo nchani mwa pini akachomeka kibanio, kijichuma kilichopinda ambacho ndicho kinachoizuia pini isipande. Kisha akafunga minyororo miwili, mmoja kila upande, ili chuma kikichomoka gari lisijiendee. Mholanzi akavuta, akatikisa, akaridhika. Hapo ndipo mlipotokea nyinyi wanawake na tepe zenu.

"Minyororo ku harusi?" ulisema. "Tunaoza mutoto ao tunamupereka gereza?"

Wenzako wakapiga vigelegele. Baba alijaribu kueleza, ukamuuliza tangu lini mwanamume akafundisha watu harusi. Hajawahi kukushinda tangu mkiwa watoto, na siku ile hakuanza. Akafungua minyororo. Mholanzi alisema maneno mengi, Baba akamjibu moja tu: desturi. Akainama, akaikagua pini, akaona kibanio kipo, akaenda kuvaa koti lake.

Na wewe ukainama baada yake. Ukakizungushia chuma utepe mweupe mpaka kikapendeza kweli, kisha ukaona lile tundu, mahali pazuri pa kupitishia fundo la mwisho. Kwa macho ya mtu yeyote aliyewahi kusukwa, kilichokuwa ndani yake ni kibanio cha nywele, basi. Ukakichomoa. Ukafunga utepe mahali pake. Halafu ukaja kuketi kando yangu, ukaona shela linateleza, ukalibana kwa kile kilichokuwa mkononi mwako. Kilikuwa cha baridi.

"Shangazi, kinauma."

"Urembo ni kuumia. Nyamaza."

Nikanyamaza! Roho yangu, ya Baba na yako zilikuwa zimebanwa juu ya kichwa changu, nami nikanyamaza kama mwali aliyefunzwa vizuri.

Tulipita mjini kwa ngoma na vigelegele. Kwenye kizuizi askari waliona nyumba inavuta bibi harusi wakasahau hata kudai vitambulisho. Baba alishika usukani mgumu wa gari lililokufa, akilalamika kwamba breki bila injini ni kama kukanyaga jiwe. Tukashuka bondeni Kanogo salama, tukaanza kupanda. Katikati ya mlima gari-nyumba likabadilisha gia, likasita, likavuta tena. Nikasikia kitu kikidondoka kwenye lami. Utepe ukanyooka, ukanyooka, ukakatika. Nyumba ikaendelea na safari yake na sisi tukabaki.

Sikuelewa, Shangazi. Naapa sikuelewa. Nilitazama yale mapazia ya gari-nyumba yakizidi kuwa madogo nikadhani wanatukimbia. Kisha nikaona miti ya kando ya barabara inatupita kwenda mbele, na ndipo nikajua kwamba ni sisi tunaorudi nyuma. Baba alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, akavuta breki ya mkono ikatoa mlio na isifanye lolote. Nyuma yetu lilikuwa gari la wapiga ngoma, na nyuma yao bonde.

"Rukeni!" Baba alipiga kelele. "Rukeni!"

Niligeuka kutazama nyuma, nikashika kitasa. Ukanishika kiuno ukaniangusha kitini, ukalala juu yangu mwili mzima, na uzito wako unaujua mwenyewe. "Lala chini! Lala, mwana wangu!" Baba akazungusha usukani, gari likapinda, likagonga ukingo wa udongo kwa mgongo. Kioo cha nyuma kikamwagika chote. Kilikumwagikia wewe.

Nilipotoka nilimkuta Baba amepiga magoti barabarani na koti lake jipya, anapapasa lami. "Nilikiweka mimi," alikuwa akisema. "Nilikiweka mimi mwenyewe, jamani, nilikiweka." Fundi mzima analia mbele ya wakwe walioshuka mbio kutupokea! Nawe, damu ikipenya kwenye kitenge chako, ukamtania: "Simama, muzee. Umezeeka, umesahau." Wageni wakacheka kwa woga. Ulikuwa hujui. Namshukuru Mungu kwa zile dakika chache ulizokuwa hujui. Nikapanda mlima uliobaki kwa miguu yangu, nimeinua gauni, na desturi zetu zote nyuma.

Walikutoa vioo pale pale, uani kwa wakwe, muuguzi mmoja wa ukoo wao na beseni la maji ya chumvi. Walipomaliza, wifi yangu aliniingiza ndani akanivua shela, na kibanio kikaanguka kwenye sinia. Baba alikuwa mlangoni. Akakiokota, akakigeuza, akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa jino lake mwenyewe. Akatoka nacho mpaka uani, akakunyooshea kiganja. Nilikuona ukitazama kile chuma, kisha kichwa changu, kisha mikono yako. Ukainuka ukatoka getini bila viatu, mgongo umefungwa bendeji, na tangu hapo sijakuona.

Umeniandikia mara moja tu, mstari mmoja: maji yakimwagika hayazoleki. Jamani Shangazi! Mtu aliyekuwa akinifundisha kwamba kuteleza si kuanguka, leo ananiandikia mambo ya maji? Nimekukasirikia sana. Sikukasirika kwa sababu ya kibanio. Nilikasirika kwamba uliamua peke yako kuwa sisi hatutaweza kukutazama.

Baba hana kinyongo. Siku ile alipigwa na butwaa, hakula. Siku ya pili akaniambia, "Zuhura aliponiambia nimezeeka, nilimwamini." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakabaki machozi tu. Kila jioni anauliza kama kuna habari kutoka Ujiji.

Hapa mtaani wanasimulia habari ya kibanio, na kila anayesimulia anaongeza lake. Hakuna anayesimulia mgongo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na muuguzi, niliona kila kipande kilivyotoka na mahali kilipotoka, na bado nikilala naviona. Nilikaa kiti kile, Shangazi, nimegeuka kutazama nyuma. Vioo vile vilikuwa vya uso wangu. Mikono iliyokosea na mwili ulionifunika ni vya mtu mmoja, na katika maisha yangu hakuna jambo lililonishangaza kuliko hilo. Wakikusema mbele yangu nawaambia hivyohivyo, na sasa nimewaambia kwa maandishi.

Nimejifungua. Ni msichana, ana mapafu ya mpiga ngoma. Katika ukoo wetu wewe ndiye unayetoa majina tangu Bibi afariki, na siku ya saba imekuja ikapita. Imamu ameuliza. Mama mkwe amenuna. Mume wangu, maskini, anamwita "wewe." Wote wananiletea majina mazuri, nami nawaambia nitangoja. Niliogopa sana mlimani siku ile, siwezi tena kuogopa midomo ya watu.

Kaa salama mpaka uingie kwenye basi. Mwanao amelala hapa miguuni pangu, hana jina. Njoo umwite.

Mimi uliyenilalia,
mwana wa kaka yako