Nimemruka mdogo wangu

Shoga, niko getini pa mahakama. Aibu gani hii!

Si unajua kila asubuhi napita mahabusu kuuliza nani anatumia unga, nimpeleke kliniki? Leo kwenye benchi kakaa mdogo wangu. Mdogo wangu! Na bosi yuko pembeni yangu. Nikamruka.

Jirani yake akasema, "Dada, huyu hujamuuliza."

Mdogo wangu akajibu, "Mwache, hanijui."

Hanijui! Mimi niliyembeba mgongoni!

Wenzake wote nimewaonya: ukitoka rumande mwili umeshausahau unga, ukirudia kipimo cha zamani unakufa. Yeye tu sikumwambia.

Hakimu kampa dhamana. Nilipopata moyo wa kumfuata, benchi tupu.

Ukimwona mtaani, mshike. Mwambie dada yake anamtafuta.