Zamu Yako ya Machela

Tate, shikamoo.

Wenzangu waliwaita wazazi wao baba, wewe ulikuwa Tate, na hata katika barua ya Kiswahili siwezi kukuita vingine. Viazi vimezaa vizuri mwaka huu. Mama hajambo, ila bado anakumiminia chai, kisha anaduwaa.

Siku lori la kabichi lilipopinduka nawe ukiwa juu yake, gari la hospitali lilikuja upesi, tukashukuru. Kesho yake ukatutoka. Arobaini ilipokwisha, ndipo akaja mjumbe na dai la hospitali: tulipie gari lililokubeba. Siku hizi kila kitu ni kuchangia. Mama akasema ng'ombe auzwe, usilale na deni. Nilikasirika, Tate! Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yanayowasomesha wadogo zangu.

Nikakumbuka enzi zenu. Mgonjwa mlimbeba kwa machela mpaka Lushoto, kila nyumba na zamu yake, mkipokezana kwenye miteremko, wewe ukiwatania wenzako kwamba wanahema kuliko mgonjwa. Ujira wenu ulikuwa chai na mihogo. Ulirudi na matope hadi magotini, ukasema, "Mgonjwa haulizwi kitu, anabebwa." Nazitamani mno siku zile.

Niliyasema hayo kwenye mkutano wa kijiji. Mama Zaina, uliyembeba akiwa na uchungu wa uzazi, akasimama: "Hivi huyu mtoto anadaiwa nini? Hilo gari nalo ni machela, lina matairi tu!"

Basi wakakubaliana. Kila mavuno, kila nyumba itatoa viazi vya kulipia gari. Dai lako limelipwa hivyo. Hospitali nayo imeridhia kwamba dai la ajali lipelekwe kwa mwenyekiti, lisibishe hodi tena kwa majeruhi wala kwa wafiwa. Ng'ombe yupo, anakula tu.

Gari lenyewe halifiki kwetu juu, kwa hiyo mpaka barabarani bado tunabeba. Walitaka kutuondoa kwenye zamu kwa kuwa hatuna mwanamume. Nikakataa katakata. Juzi tulimteremsha kijana aliyeangukiwa na mti, mimi nikiwa mbele, mahali pako. Wanaume walinicheka mpaka mteremko wa kwanza, kisha wakabaki kuhema. Nililia njia nzima, Tate, lakini sikumwangusha.

Pumzika. Maadamu mwili wangu ungali na nguvu, nyumba yako haitarukwa zamu.

Binti yako,
Mwanaidi