Mkono Wako Kwenye Mlango wa Lori

Baba,

Jumamosi iliyopita watu walijaa ukumbi wa kanisa pale Kabati mpaka wengine wakachungulia madirishani, na haikuwa harusi wala matanga. Walikuja kutazama kutu. Walikuja kutazama rangi iliyobanduka, bolti zilizoota ukurutu, vipini vya milango vilivyolika kwa kushikwa. Na walipokuwa wakitoka, jina lako lilikuwa midomoni mwao. Siku tatu nimekaa na kalamu nikitafuta pa kuanzia. Acha nianze pale ulipotuacha.

Ulipoondoka, mama, Mwaitu wetu, alikunja ovaroli yako bila kuifua. Iko kwenye sanduku mpaka leo na madoa yake yote. Mimi nilirudi Mwingi kwenye kazi yangu ya kupiga picha za harusi na za vitambulisho, lakini moyo haukuwa kazini. Bibi harusi anatabasamu, mimi natazama gari lililomleta kama bampa imechorwa kwa mkono au imebandikwa karatasi ya mashine. Siku moja nikapita nyuma ya soko la mbuzi, nikaona lori la Mzee Abdi. Lile la pua ndefu, lililokuwa likileta mbuzi kutoka Garissa. Lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, halina magurudumu, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kabini. Kwenye mlango, birika lako lilikuwa bado linafuka mvuke.

Nilikuwa bado mdogo ulipolichora birika hilo. Mzee Abdi alikuwa amekwambia hataki picha ya kiumbe chenye roho, si simba, si tausi, hata mbuzi hapana. Ukafikiri, ukamuuliza, "Ukiwa njiani unakosa nini sana?" Akasema chai. Basi ukamchorea birika la chai. Nilikushikia kopo la rangi ya bluu, likaniponyoka, nusu yake ikaishia kwenye viatu vyako. Ulivitazama ukasema tu, "Sasa na mimi nimepakwa."

Nilitoa kamera. Lori zima sikutaka kulipiga. Lori zima lilikuwa maiti, unisamehe kwa neno hilo. Nikasogea karibu, nikasogea tena, na ile lenzi ya kupigia vitu vidogo niliyoazima kwa rafiki, mpaka pua yangu ikakaribia kugusa chuma. Na kwa karibu, Baba, hapakuwa na maiti. Bluu yako ilikuwa imepasukapasuka kama tope la mto Tyaa maji yakishakwenda. Chini ya bluu palikuwa na manjano ya zamani, chini ya manjano kijivu cha kwanza kabisa. Kutu ilikuwa imetoka kwenye tundu la bolti ikatambaa chini kama mizizi. Sikuwa nimelia tangu mazishi. Nililia pale, kuku wakinitazama.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa. Nikimaliza harusi, nauliza watu, "Huku kuna gari la zamani limelala?" Nimepiga basi lililogeuzwa kibanda cha chai karibu na Kabati. Nimepiga trela huko Makueni, limezingirwa na miiba hata sikujua nitatokaje. Nimelala chini ya matangi, nimetoka na nywele zimejaa kutu. Watu walidhani nimechanganyikiwa. Labda nilikuwa, lakini kila gari nililolijua kuwa la mkono wako, nililipata likiwa na kipande kimoja kilichobaki, na kipande hicho nikakichukua kwa kamera.

Kisha ikaja ile siku ya redio. Nilikuwa nyumbani, tunachambua ndengu na Mwaitu. Mtangazaji alikuwa akimhoji Kilonzo. Ndiyo, Kilonzo wako, uliyemfundisha kushika brashi wakati hata kuchanganya kijani hajui. Sasa ana duka kubwa la mabango. Alisema chuo cha ufundi kinafungua karakana mpya ya rangi, na wameamua kuipa jina la mtu aliyechora malori ya barabara ya Garissa. Mtangazaji akamuuliza, "Na huyo mtu ni nani?" Kilonzo akacheka kidogo. "Ndiye huyu unayeongea naye."

Mwaitu aliinuka akazima redio. Akarudi kwenye ndengu zake. Akasema, "Huyo mtoto alikula kwangu miaka minne."

Nilienda kwa mkuu wa chuo, Madam Syombua. Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini aliniambia, "Nthenya, wewe ni mtoto wake. Mtoto yeyote angesema hivyo. Baba yako hakuandika jina lake popote. Kilonzo yuko hai, na anasema ni yake. Niletee kitu cha kushika."

Na kweli hukuandika jina lako popote. Nilikuuliza zamani kwa nini, ukanijibu gari ni la mwenye gari. Basi siku ile nilitoka kwa Madam Syombua nimekukasirikia. Nilikukasirikia njia nzima mpaka Mwingi. Nilikuwa na picha nyingi, na hakuna hata moja iliyojua kusema.

Nikaamua nirudi kwa birika nilipige upya, asubuhi, jua likiwa bado chini, nione kama kuna alama yoyote nimeikosa. Nilipofika nikakuta watu wa vyuma chakavu. Watoto wa Mzee Abdi walikuwa wameshauza lori. Mitungi ya gesi imeteremshwa, wanaume wawili wamevaa miwani ya kukatia, moto umewashwa. Niliwaomba dakika kumi, wakasema mwenye mali ameshaondoka nao hawakupewa maneno ya kusubiri.

Ndipo Mzee Abdi akatokea na bakora yake. Amezeeka, anatembea kwa kupumzika. Hakugombana na mtu. Alifungua mlango wa upande wa pili, akafukuza kuku, akapanda kwa taabu, akakaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani. Kisha akawaambia wale vijana, "Anzeni huko nyuma. Huku mbele binti anafanya kazi."

Wakaanza nyuma. Mimi nikafanya kazi, Baba. Cheche zinaruka, bodi inatetemeka, ninazuia pumzi ili kamera isicheze. Mzee Abdi naye alikuwa anaongea kupitia dirisha lisilo na kioo, kama mtu aliye safarini. Akasema, "Baba yako alilipaka lori hili mara tatu. Nilimpa chai, akaipokea kwa kushoto. Nikamwambia, bwana, kwetu hiyo si adabu. Akacheka akasema, nisamehe, mkono huu ndio unaonilisha."

Nilishusha kamera. Nilikuwa nimekuona ukichora kwa kushoto maisha yangu yote, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuuona mkono huo.

Jioni hiyo nilifungua picha kwenye kompyuta nikazikuza mpaka mstari mmoja ukajaza kioo chote. Jua la asubuhi lilikuwa limepiga kwa ubavu, kila mfuo wa brashi ulisimama kama matuta ya shamba. Brashi inapotua, rangi hujikusanya, inakuwa nene. Inapoinuka, inaacha nywelenywele nyembamba. Mistari yako yote ya kulala ilianza na unene upande wa kulia, ikaishia na nywele upande wa kushoto. Birika hivyo. Basi la Kabati hivyo. Trela la Makueni hivyo. Kesho yake nikaenda kupiga mabango ya zamani ya Kilonzo, yale aliyoyachora kabla ya mashine, kwa lenzi ileile na jua lilelile. Yote yalianza kushoto yakaishia kulia, kama ya watu wengi.

Nilimpelekea Mwaitu. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya picha bila kuigusa. "Ni yeye," akasema. Kisha akanieleza jambo ambalo hukuniambia, kwamba nyanya alikufunga mkono huo kwa kitambaa ukiwa mdogo ili ujifunze kutumia wa kulia, na shuleni ukachapwa juu ya vidole. "Alikataa," Mwaitu akasema. "Kitu pekee alichowahi kumkatalia mamake."

Madam Syombua alizitazama picha kwa muda mrefu mezani kwake. Aliniuliza maswali makali, kama ni kweli, kama sikugeuza picha. Nikamwambia herufi zinasomeka, picha ikigeuzwa herufi nazo zingegeuka. Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema, "Usinionyeshe mimi peke yangu. Zitundike watu wazione. Na Kilonzo nitamwita mwenyewe."

Ndiyo hiyo Jumamosi. Tulizichapisha kubwa, nyingine ndefu kuliko mimi. Madereva wazee walikuja kutoka Mwingi, wengine na vijukuu vyao. Mmoja alisimama mbele ya picha ya kipini cha mlango, kipini tu, akasema, "Hiki nilikipinda mimi, nilifungia funguo ndani huko Ukasi." Ukumbi ukacheka. Wakaanza kutambuana kwa vipande. Huyu kwa taa, yule kwa mkwaruzo wa bampa. Mwaitu alikaa mbele na gauni lake la chama cha akina mama kanisani, mkoba magotini, kama anayesubiri kuitwa hospitali.

Na Mzee Abdi alileta mlango wenyewe wa birika. Kumbe aliomba ung'olewe kabla hawajafika mbele, akauficha chini ya kitanda. Waliuingiza watu wawili, umefungwa kwa shuka, wakauegemeza chini ya picha yake.

Kilonzo alifika amevaa suti. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno, Baba, makali, nimeyafanyia mazoezi nikioga. Hakunisalimia. Alizunguka ukutani picha moja baada ya nyingine, na watu wakaanza kumfuata kwa macho, kwa sababu Madam Syombua alikuwa ameshaeleza habari ya mkono. Akasimama kwenye ile ya teligeti, ule mlango wa nyuma wa lori, yenye neno SUBIRA. Alisimama hapo hata nikadhani hatatoka. Kisha akaniita kwa jina la utotoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umeiona hii A?"

Sikuwa nimeiona. Nikasogea. Herufi tano za kwanza zilikuwa zako. A ya mwisho, kale kamstari kake ka katikati kalianza kushoto kakaishia kulia.

Kilonzo akaomba maikrofoni. Akasema, "Hii A ni yangu. Ni herufi ya kwanza niliyochora kwenye gari la mtu. Mwalimu alichora tano, akanipa brashi, akaniambia, malizia wewe, mimi nakwenda kunywa chai. Akaniacha peke yangu ili nisiogope." Akaigusa ile A kwa kidole. "Nilipoona watu wamesahau, nilidhani hakuna atakayeuliza. Nilisema uongo. Malori yalikuwa ya mwalimu. Mimi ni hii A."

Yale maneno yangu makali sikuyatumia. Sijui yalikwenda wapi.

Mwaitu aliinuka bila kuitwa. Akaenda mpaka mbele ya Kilonzo, na ukumbi wote ukangoja kofi. Akamwambia, "Jina la mwalimu wako litaandikwa juu ya ule mlango wa karakana. Utaliandika wewe. Kwa brashi, si kwa mashine. Na mimi nitakuja na kiti nikae hapo mpaka umalize." Watu walipiga makofi, vigelegele vikapanda, na Mzee Abdi akapiga bakora sakafuni. Nami nikapiga picha, kwa karibu, ya mkono wa Mwaitu umeshika mkono wa suti ya Kilonzo.

Jana aliandika. Mwaitu alikaa na kiti chake tangu asubuhi, akamrudisha mara mbili kwa sababu ya herufi moja iliyolala. Jina lako sasa liko juu ya mlango, nyekundu yenye kivuli cheupe, na mlango wa Mzee Abdi umefungwa ukutani ndani, mahali wanafunzi wanapoanzia. Somo lao la kwanza ni kulitazama birika lile kwa kioo cha kukuzia na kueleza mkono ulipita wapi.

Ninakukosa, Baba. Ushindi nao una upweke wake, nilitamani ungekuwa kwenye kona ile ukijifanya hutazami. Lakini sina tena ule uzito. Ninakula, ninalala, jana nilicheka na Mwaitu mpaka akanifukuza jikoni.

Kesho ninakwenda Kilungu. Kuna mama aliyenipigia simu, anasema nyuma ya zizi lake kuna pikapu iliyokuwa ikishusha machungwa kutoka milimani, imeandikwa maneno ubavuni na mume wake alikufa bila kumwambia ni nani aliyeandika. Ameshaikatia majani yaliyoizunguka ili nipate kuifikia. Huenda si yako. Nitaipiga hata hivyo, ubavu wote, herufi kwa herufi, na nitamtafuta aliyeiandika mpaka nimpate, awe hai au awe huko uliko. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na ninaitoa nikiwa na furaha.

Pumzika vizuri, Baba. Ukikutana na mafundi wenzako, waambie ninakuja kuwaulizia mmoja mmoja.

Mwanao,
Nthenya