Kata Nilizomficha Daktari

Jumapili. Manyunyu tangu misa ya kwanza, na vilima havionekani.

Mimi Laurenti wa Kimwani nina miaka sabini, pungufu kidogo au zaidi kidogo, maana mama alihesabu kwa mavuno. Wajerumani walikuja wakaondoka, nipo. Waingereza wakaondoka, nipo. Machifu wetu wakavuliwa viti, nipo. Nimezika kaka wanne. Hakuna mtu aliyewahi kuniangusha, na Ijumaa nilianguka mwenyewe katikati ya mibuni yangu.

Kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema hakuna mzee mwenye herufi zilizosimama kama zangu. Basi naandika. Kusema kumenishinda.

Leo situlii. Nakaa, nainuka, nakwenda mlangoni, narudi. Kesho nasafiri Bukoba kwa daktari. Mfukoni nina barua ya kumpa, na barua hiyo ni ya uongo. Aliyeiandika si mwongo.

Mwongo ni mimi.

Ugonjwa wangu ni sukari. Ulinishika mwaka jana, nikakonda, nikanywa maji kama ng'ombe, nikafikishwa mjini sijitambui. Daktari akaeleza kwamba iko sukari ya wazee, ambayo hutulizwa kwa vidonge, na iko sukari ya vijana, ambayo bila sindano ya insulini mtu anakwisha. Kwa miaka yangu ingekuwa ya wazee. Kwa wembamba wangu, na jinsi nilivyofika, ilifanana na ya vijana. Hakuwa na uhakika. Alisema tuanze na sindano, tuone.

Nakiri nilifurahi. Nilirudi nikawatangazia wenzangu kilabuni kwamba hata ugonjwa umeniona kijana.

Hospitalini alama kumi na sita za sindano zilinitosha. Mkojo wangu ukichemshwa na dawa ya buluu ya kupimia sukari, ulibaki buluu au ukageuka kijani kidogo, dalili kwamba sukari ni chache. Nyumbani dozi ni ileile, chupa inalala kwenye chungu cha mchanga uliolowa isipate joto, sindano ya kioo anaichemsha mke wangu Anastazia mwenyewe, na bado nikipima mchana ni rangi ya tofali, sukari tele. Ndugu Bernado, mganga wa zahanati ya kijiji, akapandisha ikawa ishirini. Tofali. Akapandisha ishirini na nne. Tofali.

Akaniuliza nakula nini. Nikamtajia ndizi kidogo, maharage, samaki, chai bila sukari. Yote kweli. Akaandika yote.

Kata sikumtajia.

Kijijini kwetu pombe ya rubisi haitiwi mtama kabla sijaonja. Wanaume wakishakanyaga ndizi ndani ya mtumbwi wa kukamulia na kuyatoa majani waliyokanyagia, naitwa. Nachota kwa kata ya kibuyu, nakunywa, nahukumu: maji yamezidi, au kanyageni tena, au tieni mtama. Baba yangu alionja, na mimi sijakosea hata mara moja. Tulipoingia ujamaa, mwenyekiti alisema mkutanoni kwamba sasa kila kitu ni cha wote isipokuwa ulimi wa Ta, yaani Mzee, Laurenti. Watu walipiga makofi.

Kata moja haitoshi kuhukumu. Huwa tatu. Jirani yangu Kaijage, msimamizi wa ukamuaji, hunichotea mwenyewe karibu kila asubuhi, na maji hayo ya ndizi ni matamu kuliko asali.

Daktari alikataza pombe. Pombe nimeacha kabisa, na kila mtu ananisifu. Nilijiambia kwamba haya maji hayajachacha, kwa hiyo bado si pombe.

Ijumaa palikuwa na msiba, hakuna aliyekanyaga ndizi. Nilijidunga ishirini na nne zangu, nikala kidogo, nikaenda kupunguza majani shambani. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji. Nikaanguka. Anastazia alinikuta chini akanitia mdomoni sukari tunayowawekea wageni. Nilipopata fahamu, Bernado alikuwa amepiga magoti kando yangu.

"Ta Laurenti, kuna kitu unachokula kila siku ambacho leo umekikosa?"

"Hakuna, Ndugu."

Nyuma yake Kaijage akacheka, akasema kwa Kihaya kwamba leo hatukukamua, ulimi wa mzee umekufa njaa. Bernado kwao ni Dodoma, hakuelewa. Anastazia alielewa, akatazama pembeni.

Ndipo Bernado akaandika barua. Anasema sukari yangu inapanda na kushuka bila sababu, labda aina yenyewe haikutambuliwa vizuri, anaomba daktari aamue upya na abadilishe dozi. Daktari ataamua kwa kusoma hiyo. Wakinipandishia tena, halafu ije siku nyingine ya msiba, msiba utakuwa wangu.

Jana asubuhi Anastazia alichukua sindano akaijaza hadi kumi na sita tu. Hakuniomba ruhusa.

"Baba Projesti," akasema, "mimi sikuolewa nije kuzika ulimi."

Kaijage aliponiita, nilikwenda nikasimama kando ya mtumbwi. Nikamwambia aonje yeye. Akanywa, akasema tamu. Nikamuuliza tamu namna gani, inabeba maji mengine au haibebi? Hakujua. Mtu mzima, anatafuna tumbaku mchana kutwa, hakujua! Nilitamani kumnyang'anya ile kata. Nilirudi nyumbani mikono imefungwa mgongoni.

Mchana nikapima. Kijani.

Nimeutazama ule mkojo mpaka ukapoa. Kwa hiyo dawa haikuwa mbovu, na Bernado hakukosea. Na labda sukari yangu ni ya wazee tangu mwanzo, inataka vidonge tu. Hilo nalo linaniuma, sifichi. Au ni ya vijana kweli. Sijui, na daktari hawezi kujua nikiwa nimemficha kata tatu kila asubuhi.

Kesho nitampa barua ya Bernado, na juu yake nitaweka daftari hili likiwa wazi kwenye ukurasa huu. Asome mwenyewe. Mimi nitatazama ukutani.

Akiona ni maneno ya mzee mwenye kujisifu, amuulize Anastazia, aliyenitia sukari mdomoni, atakayekuwa kwenye benchi nje. Na Kaijage, aliyenichotea. Bernado asiulizwe. Yeye aliandika nilichomwambia.