Wifi Anataka Nitangulie

Jumapili, 3 Agosti

Tumefika. Ziwa liko chini kabisa, milima imelizunguka pande zote kama ukingo wa karai. Baridi ya kukata masikio. Hema letu ni dogo, tukilala chali mabega yanagusana. Mimi na wifi yangu — mabega yanagusana! Nani angeamini?

Tumekuja kwa basi. Naandika tena: kwa basi! Mwalimu wa udereva, mwanamke ambaye nusu ya mji imejifunza kukata kona kwake, kaacha gari lake uani akakaa dirishani kimya kama mtu anayepelekwa mahakamani. Nikamuuliza gari lina nini. Eti liko gereji. Wakati juzi tu nimeliona kwao! Limekwaruzika kidogo ubavuni, basi. Mkwaruzo haumzuii mtu kuendesha.

Halafu hili la kunialika. Tangu niolewe na kaka yake hajawahi kunialika hata chai ya rangi. Yeye ndiye mkimbiaji, sebule yake imejaa makombe. Mimi nakimbia asubuhi na wanawake wa mtaani kupunguza tumbo. Mwezi wa tano kaja saluni, nina mikono imejaa rangi ya nywele, kasimama mlangoni: "Wifi, mbio za ziwani mwaka huu ni za wawiliwawili. Siku tano. Njoo tukimbie." Mteja wangu akacheka mpaka drayer ikamgonga. Mimi nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Na Bwana Mkubwa wangu je? Nikiomba kwenda harusini anauliza maswali mpaka keki inaisha huko. Safari hii: "Nenda mke wangu, ukapumzike." Nikapumzike! Kupanda milima mbio siku tano ndiyo kupumzika?

Kuna kitu hapa. Sikijui, lakini kipo.

Jumatatu, 4 Agosti

Hatua ya kwanza imekwisha. Tumefika katikati ya kundi, si haba. Tulianzia ukingoni, mawe matupu, kisha msitu mnene. Sheria ni kwamba wawili lazima wamalize pamoja. Mmoja akibaki nyuma, wote mmebaki. Yaani nimefungwa kwake.

Asubuhi kanipa zawadi. Koti jepesi la rangi ya chungwa, linawaka kama moto. "Vaa hili." Nimeligeuza nje ndani kutafuta kasoro. Sijaiona. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

"Tangulia, wifi."

"Wewe ndiye mkimbiaji!"

"Tangulia tu. Na uzungumze. Nikikimbia kimya nachoka."

Yeye! Anayewaambia watu kwamba mdomo wangu hauna breki! Haya, nikazungumza. Nimemsimulia wateja wote wa mwezi uliopita, nani nywele zimekatika, nani kalilia mume kwenye kiti changu. Hakuchangia neno. Ila nikinyamaza kidogo tu kumeza mate: "Enhe?" Katikati ya msitu nikashtuka — ananichimba huyu! Nikaanza kuchuja maneno.

Jioni tumekutana na majirani zetu wa hema, askari polisi wawili, wanawake, wacheshi. Mmoja akamnyooshea Wifi mkono kutoka ubavuni. Wifi kaangalia mbele, kapita. Hivi hivi! Mkono wa watu ukabaki hewani. Nimeona haya mimi. Maringo yake nayajua, lakini haya ya leo yamezidi.

Kabla ya chakula kaenda na simu nyuma ya hema. Nikajifanya natafuta soksi. Nikamsikia akisema kwamba bado hajui chochote, na kwamba ataniweka huku mpaka Ijumaa. Kisha: "Usijali, kaka."

Anayesemwa hajui chochote ni mimi. Ataniweka huku, kama mzigo.

Jumanne, 5 Agosti

Hatua ya pili, kupanda tu. Miguu si yangu tena. Lakini miguu si kitu.

Jirani yangu wa nyumbani kapiga simu nikiwa kwenye foleni ya chai. Anatoa salamu ndefu, ndefu, mpaka nikajua kuna jambo. Mwishowe kalitema. Shemeji yake — yaani mume wangu — katoka jana alfajiri na mama mkwe. Wamevaa vizuri. Mama mkwe kajitanda ile nguo yake ya shughuli. Na binti yangu yuko nao. Na mabegi! Alidhani najua.

"Najua, najua," nikamwambia. Uongo mtupu.

Nimempigia Bwana Mkubwa. Hapatikani. Tena. Hapatikani.

Sasa nimeelewa. Mtu na mama yake, wamevaa vizuri, mke yuko mbali milimani na dada mtu anamlinda asirudi kabla ya Ijumaa. Hiyo ni posa! Wamekwenda kuposa! Na binti wamemchukua akamwone mama yake mdogo. Na Wifi ana yule rafiki yake wa ofisini, mwenye mwanya, anayekuja kila sikukuu kujichekesha kwa mume wangu. Loo! Nimemtengeneza nywele huyo, kwa mikono yangu!

Nikamfuata Wifi hemani. Amepanga vitu vyake kama dukani: kushoto chupa, kulia soksi, tochi upande wa kichwa. Asubuhi nilimsogezea begi lake kidogo tu akanifokea kama nimemwibia. Nikamuuliza, kaka yako yuko wapi?

Akapapasa chupa yake.

"Tumalize kwanza kukimbia, wifi."

Hakusema "sijui." Mtu asiyejua husema sijui!

Jumatano, 6 Agosti

Nitaandika yote.

Leo ilikuwa siku ya mgongo wa mlima. Kijia chembamba, kulia mwamba, kushoto mtelemko mpaka ziwani. Huko juu maji yanaonekana meusi, wala si ya bluu kama tulivyodhani. Utepe mwekundu umefungwa kwenye vijiti kuonyesha njia. Kama kawaida: tangulia, wifi, zungumza, wifi.

Nikaamua kumjaribu. Nikasema moyoni, leo hunipati. Nikafunga mdomo, nikaongeza kasi. Kijia kikaingia kwenye upenyo wa mwamba, mahali pa kivuli kizito, jua halifiki. Nikakata kona nikajibanza nyuma ya jiwe, koti nikalivua nikalikunja. Nilitaka nimwone akiwa peke yake. Nilitaka nimsikie akipiga simu tena, nimnyang'anye.

Akaja. Alipoingia kwenye kivuli, akasimama.

"Wifi?"

Kimya.

"Wifi, sema kitu."

Nilidhani anaigiza. Nilikuwa mbele yake, hatua chache tu, nikichungulia bila hata kujificha vizuri. Ananitazama usoni. Wala hanioni! Akanyoosha mkono akagusa mwamba, akaupapasa kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Kisha mwamba ukaisha. Akapiga hatua. Kushoto.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Alijitupa nyuma, akaanguka juu ya mawe, goti na kiwiko vikachanika. Vijiwe vilivyokuwa chini ya mguu wake vikaenda. Nilivisikia vikienda, muda mrefu.

Nikamkalia hapohapo, nimemshika nguo kwa mikono miwili. Tulihema kama mbwa. Askari wetu wakapita, wakauliza kama tuko salama. Wifi akawajibu kwamba ameteleza tu. Wakaenda.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akasema ni miaka sasa. Inaanzia pembeni. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kwenye giza au kivuli haoni kitu. Gari kalikwaruza kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akatoa leseni yake akaifungia kabatini. Kazini wanajua yuko likizo. Nikamuuliza ni ugonjwa gani huo. Akasema ule wa baba yao. Mimi niliambiwa mkwe wangu alipofuka kwa ajali ya kiwandani!

"Hakukuwa na ajali, wifi."

Kisha nikamuuliza, kaka yako je?

"Yeye bado kidogo. Usiku tu."

Usiku tu. Mume wangu, ambaye tukivuka barabara jioni hunishika mkono. Mimi nikajisifu saluni kwamba baada ya miaka yote hii bado ananishika mkono!

Nikamuuliza la mwisho.

"Binti yangu wamempeleka wapi?"

Akalia, Wifi. Sijawahi kumwona akilia, hata msibani kwa baba yake. Mwalimu wa michezo alimwambia kaka yake kwamba mtoto mpira ukimjia kutoka ubavuni haudaki, unampiga usoni, na wenzake wanacheka. Wamempeleka hospitali ya macho, vipimo vya siku kadhaa. Mtoto kaambiwa wanakwenda kumtembelea ndugu. Majibu Ijumaa.

"Na mimi mkanileta huku."

"Kaka alisema ukijua, saluni nzima itajua. Na mtoto atayasikia mtaani kabla ya kumsikia daktari."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, mkono uliinuka.

"Nilitaka kukimbia mara ya mwisho pia," akasema. "Nilihitaji mtu wa mbele asiyenyamaza. Si uongo, wifi. Yote mawili ni kweli."

Tulimaliza wa mwisho.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilitaka kurudi nyumbani. Hakuna gari la kushuka kabla ya kesho jioni, wamesema, labda uwe mgonjwa wa machela. Basi nikakimbia.

Nilitangulia. Nilivaa koti. Na nilizungumza njia nzima — kumtukana! Yeye, kaka yake, mama yao, ukoo wao wote wa kuficha mambo. Nilitukana kupanda na kushuka. "Mwanaharamu wewe, jiwe kushoto! Mchawi wewe, ruka mtaro!" Nyuma yangu nasikia tu: "Enhe?" Kwenye kituo cha maji wasimamizi walitutazama wakatazamana.

Kaka yake kapatikana mchana, mtandao unakatika. Nikamwambia najua. Akaanza kusema samahani, ikakatika kwenye "sama". Sikupiga tena. Nikimsikiliza vizuri nitataka kumsamehe, na sijamaliza hasira zangu.

Wala siwaamini bado. Wanasema majibu Ijumaa. Ijumaa kweli? Au wanayo tayari na wananipikia maneno? Mama mkwe na ile nguo yake ya shughuli — nani anavaa hivyo kwenda hospitali? Nimemuuliza Wifi. Akasema mama amevaa hivyo ili mtoto aamini ni matembezi. Jibu lake limekaa sawa. Sasa hivi majibu yanayokaa sawa ndiyo yananitisha.

Namkumbuka binti yangu akimwaga maji mezani. Kikombe kiko pale pembeni, anakigonga. Mimi namfokea: huoni?

Ijumaa, 8 Agosti

Ukungu. Ziwa halionekani, mlima hauonekani, hema la askari lililo hapo jirani limekuwa kivuli. Wameahirisha kuanza. Hatua ya leo ndiyo ya mwisho, ina maporomoko ya mawe kabla ya kushuka ufukweni. Wanasema daktari wa mbio anapita hema kwa hema. Kuna watu wamekuwa wakianguka, na yeye hataki kuokota mtu leo. Mwenye tatizo aseme mwenyewe, la sivyo atalitafuta.

Wifi kasikia. Kaniambia nikisema neno moja tumeondolewa. Hakuomba. Kasema tu.

Nikafikiri. Nikisema, nimemlinda. Nikisema, pia nimemlipizia, na sijui ni lipi kati ya hayo linanisukuma. Nisiposema, na mawe yale yana utelezi, nani atajibu? Nikamwambia sitasema. Nikamwambia tena: leo atashika mkanda wa begi langu, hauachii, na nikisema kaa chini anakaa chini. Akaitikia kama mwanafunzi wake wa siku ya kwanza.

Sauti ya daktari ikasikika karibu, anacheka na askari wetu. Wifi akaanza kuvaa haraka. Humu ndani kuna giza la ukungu, pazia limefungwa nusu. Kiatu cha kushoto kavaa. Cha kulia hakipo pale alipokiweka — nilikipiga teke asubuhi nilipokuwa natoka. Nikamwona akipapasa sakafu, mkono unazunguka, unapita kando yake, unarudi, unapita tena. Uso umetulia kabisa. Mkono ndio unaohangaika.

Sikuweza. Nikainama nikakiokota nikamwekea kiganjani, nikamgeuzia mdomo wa kiatu upande wake, kama ninavyomfanyia mtoto.

Nilipoinua macho daktari alikuwa amesimama mlangoni.

Mwanamke wa makamo, ana kibandiko cha jina kifuani na ukungu kwenye miwani. Akaitoa, akaifuta, akaivaa, akamtazama Wifi. Kisha akanitazama mimi. Akaninong'oneza kwamba anakwenda kuzungumza na mkuu wa mbio, tusitoke hemani, anarudi.

"Ni nani huyo?" Wifi akauliza. "Askari?"

Nimekaa naandika, hajui bado. Anafunga kamba za viatu, mafundo mawili mawili, vizuri kabisa. Nyayo zinarudi huko nje kwenye kokoto, za watu zaidi ya mmoja. Na simu yangu imeanza kuita. Ni Bwana Mkubwa. Wifi kaganda na kamba mkononi.

"Pokea," anasema. "Wifi, pokea basi."